Risiti Isiyo na Jina

Awamu ya kwanza ya deni langu la kodi niliilipa kwa simu pale makutano ya Samora na Azikiwe, nimeegemea ukuta wa duka lililokuwa bado halijafunguliwa. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Niliingiza kontroo namba tarakimu moja moja, nikaihakiki mara mbili kwa hofu ya kumlipia mtu mwingine, nikamalizia na namba ya siri. Ujumbe ukaingia: malipo yamepokelewa, na majina yangu yote matatu kwa herufi kubwa. Nilipoinua macho, aliyekuwa mbele yangu ni yule askari wa shaba, bunduki mikononi, singe ameielekeza bandarini.

Nimempita mtu huyu tangu utotoni. Kila mtu wa Dar es Salaam amempita. Tunaambiana tukutane Sanamu ya Askari, tunakutana, tunaondoka, na yeye anabaki kama kituo cha daladala kinavyobaki. Sikuwahi kusoma kilichoandikwa chini yake. Asubuhi ile nilivuka barabara nikaenda kusoma, pengine kwa sababu mtu aliyetoka kulipa deni hutafuta mahali pa kutua kidogo kabla siku haijamchukua.

Maandishi ni ya Kiingereza na ya Kiswahili, Kiswahili chenyewe mara mbili: kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu. Yanawakumbuka askari Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, kisha yanawakumbuka wapagazi, ambao yanawaita miguu na mikono ya jeshi, na wengine wote waliokufa wakimtumikia Mfalme katika Afrika Mashariki. Mwisho inakuja ahadi, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya mshairi Mwingereza Rudyard Kipling: kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Nikaizunguka sanamu nikitafuta jina. Hakuna hata moja.

Deni langu, kwa kweli, lilianza kwa jambo dogo la kijinga. Mwaka 2014 nilifungua steshenari Kariakoo: fremu moja, mashine moja ya fotokopi, kalamu, madaftari, na kijana mmoja wa kusaidia. Nilikuwa na TIN, nilikuwa na leseni, nilikadiriwa kama wafanyabiashara wote wadogo wanavyokadiriwa, na kodi ya mwaka nililipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mwaka 2017 mashine ikafa, mwenye fremu akapandisha kodi, nikasalimu amri. Nilirudisha funguo, nikamlipa yule kijana haki yake, nikamuaga mama muuza chai wa kona, nikamuaga fundi simu. Nikadhani nimeaga kila mtu.

Hapo juu nimetumia neno kodi kwa mambo mawili tofauti, na msomaji wa Kiswahili wala hakushtuka. Anachotozwa mpangaji na mwenye nyumba ni kodi. Anachotozwa raia na serikali ni kodi vilevile. Lugha nyingine zimetenganisha. Sisi tumeviacha vilale kitanda kimoja, na sidhani kama ni kwa bahati mbaya. Wajerumani walipotangaza kodi ya vibanda mwaka 1897, wakaanza kuikusanya mwaka uliofuata, kibanda cha shamba kilitozwa rupia tatu, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa mazao au kwa jasho lake kwenye kazi za serikali. Hebu msikilize mtu wa wakati ule. Miti kakata mwenyewe, udongo kakanda mwenyewe, makuti kaezeka na nduguze, halafu anakuja akida anamwambia alipe kodi ya nyumba. Kwa masikio ya Kiswahili, aliambiwa kuwa yeye ni mpangaji. Mwaka 1905, pamoja na pamba ya kulazimishwa, jambo hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyowafanya watu wa Umatumbi waing'oe miche shambani, na vita vya Maji Maji vikaanza. Waingereza walipochukua nchi waliandika sheria yao ya 1922, ya kodi ya kibanda na kodi ya kichwa. Ya kichwa! Sasa hata hicho kilicho juu ya shingo kikawa cha kupanga.

Babu yangu mzaa baba alizitunza stakabadhi zake za kodi ya kichwa ndani ya kopo la bati, juu ya dari, hadi kufa kwake. Wakati huo kodi ya kichwa ilikwishaondoka siku nyingi, na badala yake ilikuwapo kodi ya maendeleo, ile iliyowakimbiza watu vichakani mgambo wakipita alfajiri, hadi ilipofutwa mwaka 2003. Tulimcheka babu na kopo lake. Alisema serikali zinabadilika ila karani ni yuleyule.

Mimi sikurithi kopo. Nilirithi droo. Barua za ofisi ya kodi zilikuja kwa anuani ya zamani, mwenye fremu akanipigia simu mara mbili, nikaenda kuzichukua, na zote nikazitia kwenye droo ya chini bila kufungua. Nilijiambia kwamba biashara imefungwa, kwa hiyo barua hazinihusu. Mwaka 2018 serikali ilitangaza msamaha wa riba na adhabu, hadi asilimia mia moja, kwa atakayejitokeza mwenyewe na kulipa kodi ya msingi. Nilisikia redioni nikiwa nakunywa chai. Nikasema hao ni wenye maghala na makontena, nikaongeza sukari.

Miaka ikapita. Nikapata kazi ya tafsiri, nzuri, ya miezi minane, na mwajiri akataka hati ya uthibitisho wa kulipa kodi. Ndipo nilipokwenda. Foleni, viti vya plastiki, feni inayozunguka kwa kusitasita, kila mtu amekumbatia bahasha ya kaki. Aliyenihudumia alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

Akaandika namba yangu, akatazama kioo, akakaa kimya kuliko nilivyopenda.

"Baba, hii biashara ya steshenari uliifunga lini?"

"2017."

"Ulituandikia kwamba umefunga?"

Nikamwambia kila mtu alijua. Mtaa mzima ulijua.

"Sisi hatukujua," akasema, bila ukali wowote. "Kwetu sisi bado iko hai."

Wasomaji wanaikumbuka 2016, mwaka wa watumishi hewa, watu wasiokuwapo waliokuwa wakipokea mishahara. Mimi nilikuwa kinyume chao: mfanyabiashara hewa. Duka lililokufa lilikuwa likiendelea kukadiriwa mwaka hadi mwaka, likikosa kuwasilisha ritani, likipigwa adhabu kwa kukosa, na riba inazaliana kila mwezi juu ya riba. Jumla ilikuwa shilingi 4,180,000. Karibu nusu ya fedha hizo ilikuwa kodi yenyewe. Iliyobaki ilikuwa gharama ya ile droo.

Nilitoka pale miguu ikiwa mizito, nikatembea bila mpango, na mwanahistoria angesema nilikuwa natembea juu ya hesabu nyingine ambayo haijafungwa.

Kwa sababu aliyesimama pale Samora si wa kwanza. Kabla ya vita mji huu ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, kamishna wa Kijerumani aliyeivunja vita ya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani na kumnyonga kiongozi wao, Abushiri bin Salim, kule Pangani Desemba 1889, na ambaye baadaye alirudi kuwa gavana. Wissmann alisimama juu, mikono yake ikionyesha kwamba hana shaka na jambo lolote. Chini, miguuni pake, aliwekwa askari Mwafrika anayemtazama, na simba aliyekufa. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliishusha na kuisafirisha. Ilifika Hamburg, ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, na ikakaa hapo hadi wanafunzi walipoiangusha 1967. Ikasimamishwa tena. Wakaiangusha tena 1968, na safari hii ikaishia stoo.

Waingereza wakaja na yao mwaka 1927. Mchongaji alikuwa James Alexander Stevenson, ambaye kazi zake alizitia saini ya Myrander. Yule askari wa chini, kama unapenda kuona hivyo, akapandishwa juu, na bwana akaondolewa. Lakini angalia mji ulivyofanya. Wazee wengine wa Dar es Salaam wanaiita Sanamu ya Bismini, na Bismini ni nani kama si Wissmann, jina lake lilivyopita katika vinywa vya watu wa Gerezani na Kariakoo? Basi askari huyu, aliyeahidiwa kwamba jina lake litakumbukwa, hata jina analoitwa ni la Mjerumani aliyeondolewa ili yeye apate nafasi.

Na kuna waliokosa hata mwili wa shaba. Waliopigana vita ile walikuwa wachache ukiwalinganisha na waliobeba. Magari hayakuweza njia, ng'ombe na nyumbu waliuawa na mbung'o, kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga na kila chupa ya dawa ilikwenda kichwani mwa mtu, kilo 25 hivi, kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji na kuvuka Ruvuma. Upande wa Waingereza peke yao ulitumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja. Wengi hawakupelekwa kwa hiari. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 95,000, na waliouawa na risasi ni sehemu ndogo. Wengi walimalizwa na kuhara damu, malaria na kichomi. Baadhi waliuawa na chakula: watu waliozoea ndizi au wali walipewa unga wa mahindi uliokobolewa vibaya, nao wakaupika nusu nusu njiani kwa kukosa kuni na muda.

Kwa Kiingereza kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na Waswahili wakakiita Kariakoo. Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko, Waingereza wakaligeuza kambi ya wapagazi, na soko liliporudi kuwa soko, jina la kambi lilibaki. Nairobi nako wana Kariokor yao, kwa asili hiyohiyo.

Babu yangu alikuwa mtoto wa miaka sita au saba, kule Uzaramo, walipomchukua baba yake. Alituambia hivi: "Baba alikwenda Kariakoo." Sisi wajukuu, tuliozaliwa mjini, tulijua Kariakoo ni sokoni, na kwa miaka mingi nilikuwa nikimwona moyoni mzee aliyekwenda kununua nyanya akapotelea kwenye msongamano. Sikuwahi kuuliza kwa nini hakurudi. Nilipofungua fremu yangu, babu alikwishakufa, na hakuna aliyenikumbusha kwamba nimekwenda kulekule.

Wapagazi hawakuwa watu wasiohesabiwa. Hili ndilo linalonikaa kooni. Walisajiliwa. Upande wa Waingereza, mpagazi alipewa kisahani cha chuma chenye namba, akivae mwilini. Ujira wake uliandikwa. Alipokufa, au alipopotea, fedha yake ilibaki kwenye vitabu, kwa sababu ndugu zake hawakupatikana, au hawakutafutwa kwa bidii ya kutosha. Mkuu wa kikosi hicho, Oscar Watkins, alipigania haki za watu wake ofisini hata baada ya vita. Barua zilikwenda na kurudi kati ya Afrika Mashariki na London kuhusu fedha zile za marehemu zisizochukuliwa, miaka ikapita, na familia hazikulipwa.

Kwa hiyo kisahani kilikuwa na kazi moja tu. Kilitosha kumtafuta mpagazi akitoroka. Hakikutosha kumtafuta mjane wake. Mfumo huo haukuachwa porini vita ilipokwisha: Kenya, kuanzia 1920, kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande chenye alama za vidole, kikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Karani ni yuleyule.

Halafu ikaja zamu ya makaburi. Kwa Wazungu, Tume ya Makaburi ya Vita ya Uingereza ilikuwa na kanuni iliyoionea fahari: kila aliyekufa jina lake liandikwe, juu ya kaburi lake au ukutani, bila kujali cheo. Kwa Waafrika wa huku kanuni ililegea. Ikaonekana sanamu tatu zinatosha, moja Nairobi, moja Mombasa na moja Dar es Salaam, na majina hayana haja. Nairobi, kwenye barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, angalau miongoni mwa watatu waliosimama yumo mpagazi mmoja. Aprili 2021 tume hiyohiyo, ambayo leo ni ya Jumuiya ya Madola, ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa mahali popote. Iliomba radhi. Januari 2025 ukazinduliwa ukumbusho Cape Town wenye majina ya wafanyakazi Weusi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700 waliokufa katika vita ile. Karne imepita, na majina yaliandikika.

Sasa rudi kwenye yale maandishi ya Samora uyasome kama afisa kodi angeyasoma. Kuna huduma iliyotolewa. Kuna anayekiri kuipokea. Kuna neno la ukumbusho. Jina la mtoa huduma halimo, kiasi hakimo, na tarehe ya kulipa haimo. Binti yule wa dirishani angeirudisha karatasi ya namna hiyo bila kuinua macho.

Wajerumani nao walikuwa na deni lao, na lilimalizwa kwa namna ambayo nikiisikia sijui nicheke au nikae kimya. Kinasimuliwa kisa cha mwaka 1964, mwaka aliokufa jenerali wao Paul von Lettow-Vorbeck. Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai malimbikizo yao, na wazee wapatao 350 wakakusanyika Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti. Wengine walikuja na vipande vya sare iliyochakaa, na wengine mikono mitupu. Mtoa malipo akawaita mmoja mmoja, akawapa ufagio badala ya bunduki, akatoa amri kwa Kijerumani: bega silaha, shusha silaha. Inasemwa hakuna aliyekosea. Miaka 46 baada ya vita, mwili ulikuwa umehifadhi stakabadhi ambayo serikali ilishindwa kuihifadhi. Lakini wapagazi hawakuwa na gwaride la kukumbuka. Ungempa mpagazi mzee ufagio athibitishe nini? Ungempa gunia?

Nilirudi ofisi ya kodi siku tisa baadaye nikiwa na droo nzima ndani ya mfuko wa rambo. Tulizifungua barua pamoja, mimi na yule binti, kama watu wanaochambua mchele. Nilichojifunza nakiandika hapa, maana najua wenye droo ni wengi na si wote wanaopenda kuulizana.

Kila makadirio yanapotoka, una siku 30 za kuyawekea pingamizi, na ili lipokelewe unatakiwa kulipa theluthi ya kodi iliyokadiriwa, au ile sehemu usiyoibishia ikiwa ni kubwa zaidi. Barua zangu zilikuwa zimepitwa na siku hizo kwa miaka. Mlango huo ulikuwa umefungwa, na niliufunga mimi. Uliobaki ulikuwa wa kuthibitisha kwamba duka halikuwapo. Mwenye fremu, Mungu ampe maisha, aliandika barua ya tarehe niliyokabidhi funguo. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akagonga muhuri. Benki ikatoa taarifa ya akaunti ya duka, kavu kama kisima cha Oktoba kuanzia Agosti 2017. Ikachukua wiki sita, safari tano, na nakala nyingi za fotokopi, ambazo nilizilipia kwenye steshenari za watu wengine. Mwishowe miaka ya duka lililokufa ikaondolewa kwenye hesabu. Kilichobaki ni kodi ya awamu mbili ambazo kweli sikulipa nilipokuwa nafunga, pamoja na adhabu na riba zake: shilingi 1,260,000.

Sikuwa nazo zote. Nikaandika barua kuomba kulipa kwa awamu, nikaeleza kipato changu na sababu, nikapewa miezi kumi na miwili. Dawa ya deni kulipa, walisema wahenga. Hawakusema kwamba dawa hiyo nayo inaweza kunywewa kijiko kwa kijiko.

"Wengi wanakuja tukishaandikia benki," binti aliniambia siku ya mwisho, akimaanisha ile notisi inayoiamuru benki yako ikate fedha na kuzipeleka serikalini. "Hapo maneno yanakuwa machache."

Sisemi haya kuisifu serikali. Kariakoo ninaijua. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka kwa siku kadhaa, wakilalamikia ukusanyaji wa kodi na kamatakamata, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Juni mwaka uliofuata wakafunga tena. Niliowajua wakati wa steshenari walikuwa miongoni mwao, na mengi waliyoyasema yalikuwa ya kweli. Lakini mimi sikuwa mgomaji. Nilikuwa mtu aliyejificha, na kujificha hakuna madai ndani yake.

Hata hivyo, katika zile safari tano kuna jambo lilinishangaza nafsini mwangu. Nilitegemea fedheha. Badala yake nilijisikia kama mtu anayetafutwa akapatikana. Karani alinijua kwa jina, alijua tarehe zangu, alikuwa tayari kubishana nami kuhusu mwezi mmoja wa mwaka 2017 kana kwamba mwezi huo una thamani. Deni lilikuwa langu peke yangu, limeandikwa kwa jina langu, na kwa sababu hiyo liliweza kupunguzwa, kugawanywa, kumalizwa. Baba wa babu yangu alikuwa na upande wa pili wa hesabu kama hiyo, yeye akiwa mdai, na hakupata hata dirisha la kusimama mbele yake.

Awamu ya kumi na mbili niliilipa mwezi uliopita. Hati niliyokuwa nikiitafuta tangu mwanzo ilitoka, ingawa kazi ya tafsiri ilikwishapewa mtu mwingine siku nyingi. Biashara yangu sasa imekufa rasmi. Nina barua yake ya kifo, nimeitia kwenye kopo la bati.

Jioni ya siku niliyolipa awamu hiyo ya mwisho nilikwenda Mbagala kwa shangazi, dada yake marehemu baba, nikamuuliza swali ambalo hakuna mtu wa rika langu katika ukoo aliyewahi kumuuliza: yule aliyekwenda Kariakoo aliitwa nani? Babu siku zote alisema "Baba" tu, na mtu hamtaji baba yake kwa jina. Shangazi alinitazama kama niliyeuliza jua linachomoza wapi.

"Si anaitwa kama binamu yako mkubwa," akasema. "Kwani yeye alirithi jina la nani?"

Basi jina lilikuwapo. Lilikuwa linaendesha bajaji Temeke siku zote. Akaniambia na jina la baba yake, na kijiji, na kwamba walimchukua wakati wa kuvuna mpunga, yeye na wenzake wanne, na majina ya wawili kati ya hao wanne. Niliyaandika yote nyuma ya risiti, kwa sababu sikuwa na karatasi nyingine.

Msomaji, kama kwenu yuko aliyekwenda Kariakoo ile asirudi, muulize shangazi yako mapema. Wangu ana miaka 82.